Damu ya Mkaguzi

Ikiwa gazeti la wiki jana limekwisha kufungia sukari dukani, kama ilivyo bahati ya hadithi zangu, usihangaike kulitafuta. Tulimwacha Bwana Josephat Kisilu, mkaguzi wa maabara kutoka Kitui mjini, amesimama kwenye mlango wa maabara ya Kwa Ndululu, upande wa Mutomo. Kufuli la serikali lilikuwa mkononi mwake na hasira zilikuwa zimempanda. Mashine ya hapo ilikuwa imempima sukari ya damu na kutangaza kumi na nane nukta tatu, mara tatu ya mtu mwenye afya.

Kumi na nane! Yeye, mzee wa kanisa, mtu asiyegusa hata uki, ile pombe ya asali, harusini!

Ndipo sauti nzito iliponguruma nyuma yake: "Wewe! Weka hiyo kufuli chini!"

Kisilu akageuka. Alidhani atamkuta Muthoki, fundi wa maabara ile, akilia kwenye kitambaa. Badala yake aliona ndevu zilizopakwa hina na fimbo ya mchunga ngamia. Alikuwa Mzee Mursal, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye kila mtu Mutomo anamjua kwa sauti yake na kwa mbuzi wake.

"Mzee, usiingilie kazi ya serikali," Kisilu alisema. "Mashine ya hapa ni bure. Nafunga."

"Waryaa! Leo ni siku yangu ya kupimwa sukari. Nikipimwa ndiyo najua nidunge sindano kiasi gani. Wewe ukifunga, mimi napimwa wapi?"

"Kibwezi."

"Kibwezi! Nitembee mpaka Kibwezi na hii mguu?"

"Ndiyo, Kibwezi! Huko wako na maabara ya maana. Mama yangu mzazi alipimwa huko wiki jana. Mgonjwa wa sukari miaka mingi, wakapata tano nukta sita. Amepona! Mimi mwenyewe nilimwambia aache sindano. Na mimi pia nimepimwa huko juzi. Nikapata tano nukta sita. Hiyo ndiyo mashine inajua kazi!"

Akafungua chupa ya Fanta kwa meno, akainywa yote bila kupumua. Joto la Mutomo lilikuwa kali mwaka huo wa 1986, na Kisilu alikuwa na kiu isiyoisha.

Msomaji mgeni atauliza, mkaguzi anapimwa kwa nini? Hapo ndipo nina aibu kidogo na shujaa wangu.

Mkaguzi wa maabara husafiri na vichupa vya damu ya majaribio kutoka Nairobi. Sukari iliyomo ndani inajulikana tayari. Maabara ikipima na kupata jibu lile lile, imefaulu. Ikipata jingine, kuna kasoro. Sharti ni moja tu, vichupa vikae kwenye barafu.

Kisilu alikuwa na sanduku la barafu moja. Alipotoka Kitui alilitazama, akatazama kreti yake ya soda, akafikiri kama mtu mwenye kiu. Vichupa vya Nairobi vikahamia chini ya kiti cha Land Rover, soda zikalala kwenye barafu. Walipofika Kabati vichupa vilikuwa vinanuka hata dereva akashusha kioo.

Mtu mwingine angerudi akasema amekosea. Kisilu hakuwa mtu mwingine. Alijitazama kwenye kioo cha gari, akajiona mwembamba, mshipi umetobolewa matundu mapya, suruali inacheza kiunoni. Akamshukuru Mungu kwa kumpa mwili wa ujana akiwa na miaka hamsini. "Damu iko hapa," akajiambia na kujipiga kifua. "Hakuna damu safi kushinda ya mkaguzi."

Basi akawa kipimo mwenyewe. Kabati walimtoa damu wakapata kumi na saba nukta tisa, akawafungia maabara. Kibwezi wakapata tano nukta sita, akawapa cheti, akapiga picha nao. Na leo Kwa Ndululu wamethubutu kumwambia kumi na nane nukta tatu.

"Mwalimu," alisema Muthoki akitoka ndani. Hakuwa na kitambaa wala machozi. "Kabla hujafunga, naomba neno moja."

Alimwita mwalimu kwa sababu Kisilu alimfundisha chuoni. Alimfundisha vizuri pia, na hilo ndilo lililokuwa linamuudhi zaidi. Mwanafunzi wake mwenyewe, aliyempa alama za juu, anamzulia ugonjwa!

"Neno gani?"

"Ulitufundisha darasani, fundi akitilia shaka jibu, arudie kwa mkono yake mwenyewe. Mashine ndiyo hii. Dawa ndiyo hii. Rudia wewe. Mimi sitagusa kitu."

"Na nikipata hiyo upuzi tena?"

"Utafunga, na ufunguo nitakubebea mpaka kwa gari."

Kisilu alifikiri. Ilikuwa haki, na zaidi ya haki ilikuwa nafasi nzuri ya kuonyesha ufundi wake mbele ya watu. Wagonjwa kadhaa walikwisha kujipanga kwenye benchi la nje, wakitazama.

"Sawa," alisema. "Lakini nitapima watu wanne, na nisijue damu ni ya nani. Mimi sipendelei mtu."

"Ni nani ataweka alama kwa chupa?" aliuliza Muthoki.

"Mimi," alisema Mursal. "Naweka alama ya ng'ombe mia moja na sisahau hata ndama. Hizi chupa nne ni kitu gani?"

Muthoki akatoa damu ya Kisilu, ya Mursal, ya Ndolo dereva na yake mwenyewe. Mursal akaenda na chupa pembeni, akazivika plasta, akachora kwa kalamu alama za mifugo yake. Moja akachora pembe, nyingine kwato, nyingine jicho, na ya mwisho mkia. Akazichanganya, akampa mkaguzi, kisha akabandika plasta nyingine juu ya mdomo wake mwenyewe kuonyesha kwamba hatasema. Watu wa benchi wakacheka.

Kisilu hakucheka. Alivua koti, akainamisha kichwa kama alivyozoea kabla ya kila kazi.

"Tuombe. Baba, wewe ndiye unaona gizani. Kila kitu kimefichwa katika nyumba hii, kifichue leo. Kila mtu anajidanganya, mwaibishe mbele ya watu. Amina."

"Amina!" benchi likaitika kwa nguvu.

Mimi mwandishi nimewahi kuomba vibaya mara nyingi, lakini sijawahi kusikia ombi lililopokelewa haraka namna ile.

Kazi ikaanza. Na tuseme ukweli, Kisilu akifanya kazi alikuwa anapendeza kutazama. Alipima unga wa sukari mwenyewe, akatengeneza maji ya kulinganishia asije mtu akasema ya zamani yameharibika. Akazungusha damu kwa mashine ya mkono mpaka maji ya juu yakatengana na wekundu. Akayamimina kwenye vijaribio, mirija ya kioo aliyoiandikia alama zile zile, akatia dawa ile inayonuka, akavitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka juu ya stovu.

Katikati ya kazi alitoka mara mbili kwenda haja. "Hii joto," alisema aliporudi.

"Joto huleta jasho, mkubwa," Ndolo alinong'ona, "si mkojo." Hakuna aliyemsikia isipokuwa Muthoki.

Dawa ile hugeuza sukari kuwa kijani. Sukari ikiwa kidogo, kijani huwa hafifu. Ikizidi, hukolea. Kisilu alipoinua vijaribio kutoka kwenye maji, vitatu vilikuwa na rangi ya kawaida, ingawa kimoja kati ya hivyo kilikolea kidogo kuliko wenzake. Cha nne, chenye alama ya mkia, kilikuwa kijani kibichi hata aliyekaa benchi la mwisho akakiona.

"Ahaa!" Kisilu akasema. Akaviweka kwenye mashine kimoja kimoja, akausoma mshale kwa kukodoa macho, maana siku hizo hata miwani mipya ilikuwa haimsaidii. "Pembe, nne nukta nane. Safi. Kwato, tano nukta moja. Safi kabisa. Jicho, nane nukta tisa. Hmm. Mkia..."

Akakodoa tena.

"Mkia, kumi na tisa nukta mbili!"

Akaweka kijaribio chini taratibu. Furaha ilimjaa, kwa sababu sasa mambo yalikuwa yamekaa sawa kichwani mwake. Watu watatu wenye afya na mgonjwa mmoja. Majibu matatu madogo na moja kubwa. Mashine ilikuwa nzima, basi alipopimwa asubuhi chupa zilichanganywa, na yeye angeweza kusamehe hilo kwa moyo mkunjufu. Lakini kwanza alikuwa na mgonjwa wa kukaripia.

"Mzee Mursal, simama hapa mbele."

Mursal akasimama, plasta mdomoni.

"Ona hii rangi. Ona! Hii ni damu ama ni sharubati? Mtu ako na damu kama hii anajiua na mdomo wake mwenyewe. Unajua itafanya nini? Itakula macho. Itakula figo. Watakukata mguu, na ule umebaki utalia peke yake. Dalili zote uko nazo lakini hutaki kuziona, kwa sababu kichwa yako ni ngumu. Una kiu, unasema ni joto. Unakonda, unasema ni baraka. Na soda hutaki kuacha!"

Alikuwa anatikisa kidole, na katika mkono wa pili alishika Fanta nyingine.

Mursal akabandua plasta kwenye ndevu polepole, akikunja uso kwa uchungu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wallahi, ni maneno mazuri. Madaktari wote nimeona, hakuna mmoja amesema vizuri hivyo. Sasa mpatie mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mimi ni jicho. Nane nukta tisa. Muthoki ni pembe. Dereva yako ni kwato." Akanyoosha fimbo, akaigusa Fanta kwa ncha. "Wewe ni mkia."

Mtoto mmoja alianza kucheka, mama yake akamziba mdomo.

"Umebadilisha!" Kisilu alifoka. "Unataka maabara ibaki wazi, ndiyo umebadilisha!"

"Mimi?" Mursal hakuinua sauti. "Mimi nauza ng'ombe kutoka hapa mpaka Garissa. Mtu aseme mbele yangu siku moja nilibadilisha alama."

"Muthoki, huyu mzee amechanganya chupa!"

"Mkubwa," Ndolo akasema.

"Wewe nyamaza!"

"Nimenyamaza tangu Kabati, mkubwa, na sasa nimechoka. Kila mahali unaniambia simamisha gari uende msituni, mimi naona. Pale umekojoa, sisimizi wanakuja. Si wawili watatu. Wanakuja na jamaa yao yote. Nyanya yangu alikufa na hiyo ugonjwa, na kwetu tulijua kwa sisimizi kabla hospitali haijajua. Nilitaka kukwambia, lakini nikasema, dereva atamwambia nini mkaguzi?"

Kisilu akatafuta mahali pa kukaa, na kiti kilichokuwa karibu ni kile cha mgonjwa, kile cha kutolea damu. Akaketi hapo.

Aliogopa. Sitaficha, aliogopa sana. Aliukumbuka mguu wa baba yake uliozikwa kabla ya baba yake mwenyewe. Aliikumbuka kiu ya tangu mwaka mpya, na usingizi wa mchana kanisani ambao alikuwa akiusingizia mhubiri.

"Mwalimu," alisema Muthoki kwa sauti ya chini. Akachukua Fanta mkononi mwake, akaiweka mbali. "Hujakufa. Umepimwa tu. Mzee Mursal alikuja hapa na ishirini na moja, na leo anakugombeza akiwa na nguvu."

"Na ile ishirini na moja sikuitafutia kufuli," Mursal akaongeza.

Kisilu akatazama kufuli juu ya meza. Akatazama mshipi wake wenye matundu. Halafu, bila yeye mwenyewe kutarajia, kicheko kikamtoka.

"Nilifunga Kabati," alisema. "Nimefunga watu maabara kwa kosa la kusema ukweli! Nikaja hapa nikaomba Mungu amwaibishe mtu anajidanganya. Na nyinyi mkasema amina!"

"Tulisema kwa nguvu," Ndolo alikiri.

"Mkaguzi mimi! Nimekagua mashine, nimekagua dawa, nimekagua mpaka choo. Suruali yangu ndiyo sikukagua. Mama watoto alisema, Kisilu nenda upimwe, nikamwambia, mimi ndiye ninayepima wapimaji. Aiya! Hata Ndolo alijua. Hata sisimizi walijua! Wadudu hawajaenda chuo na wamenishinda kazi."

Benchi likaangua kicheko, na kilikuwa kicheko kizuri. Mursal alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisilu akalichukua lile kufuli, akalitia mfukoni, akasema Kabati itafunguliwa kesho na yeye mwenyewe ataomba radhi, akiwa amesimama, bila soda.

Muthoki peke yake hakucheka. Alikuwa anavitazama vile vijaribio vya kijani, kidole kwenye kidevu.

"Mwalimu, Kabati walipata kumi na saba. Sisi tumepata kumi na nane, na wewe mwenyewe kumi na tisa. Si hivyo?"

"Ndiyo."

"Na Kibwezi?"

"Kibwezi walipata tano nuk..."

Akakoma.

"Tano nukta sita," Muthoki alimalizia. "Na mama?"

Kicheko cha benchi kilikuwa bado kinaendelea, lakini Kisilu hakukisikia tena. Tano nukta sita. Yake na ya mama yake, jibu moja, hata nukta haikuhama. Na ni yeye, mtoto wake msomi, aliyeketi jikoni kwa mama yake Syokau wiki jana, akachukua sindano zake akazitupa kwenye shimo la choo, wakaimba wimbo wa shukrani. Mama alisita. Alisema, mwanangu, bado nasikia kiu. Naye akamjibu ni joto la Kibwezi.

"Simu!" alisema. "Iko wapi simu?"

Simu ya Kwa Ndululu ilikuwa ukutani, ya kuzungusha mkono. Kisilu akaizungusha kwa nguvu kuliko alivyozungusha damu. Mtu wa posta akaitika, akapiga soga, akaunganisha Kibwezi, ikakatika, akaunganisha tena. Hatimaye ikasikika sauti changamfu ya Kiema, msimamizi wa ile maabara iliyopewa cheti.

"Mkubwa! Ile cheti tumetundika ukutani, karibu na dirisha, kila mtu anaiona!"

"Kiema, nisikilize. Damu yangu ya juzi. Mashine ilisema ngapi?"

"Si ulipata tano nukta sita, mkubwa?"

"Sikuulizi nilipata ngapi. Nauliza mashine ilisema ngapi!"

Simu ikakwaruza. Kiema akakohoa.

"Mkubwa, ulisimama mbele ya wafanyakazi wangu wote ukasema, hii ni damu ya mtu hana ugonjwa. Sasa mashine ikasema kumi na tisa. Ningefanya nini? Nikwambie mkaguzi mbele ya watoto wadogo kwamba umekosea? Nilijua ni mashine imeleta utundu. Nikakupatia ile ya mtu mwenye afya. Hiyo ni heshima tu, mkubwa."

"Na mama yangu?"

"Sasa huyo ni mama ya mkaguzi! Alikuja akisema mtoto wake ndiye mkubwa wetu, na amemwombea kanisani sukari iishe. Mashine ilisema kitu, ndiyo, lakini nikasema, mimi Kiema ni nani nivunje imani ya mama mzee?"

Kisilu aliegemea ukuta. Hakuweza hata kumkasirikia. Kila neno la Kiema lilikuwa ni lake mwenyewe, limemrudia kwa waya wa posta. Alitaka heshima, akapewa heshima. Alitaka jibu la kumpendeza, akaletewa mpaka na nukta.

"Kiema, tuma mtu kwa mama sasa hivi. Apelekewe sindano. Sasa hivi!"

"Hiyo ndiyo maneno nilikuwa naogopa kukwambia, mkubwa. Nimekutafuta kwa simu tangu asubuhi, wakaniambia uko njiani." Sauti ya Kiema ilikuwa imepoteza uchangamfu wote. "Mwaitu, mama yako, hayuko nyumbani. Majirani wamemleta hapa na mkokoteni. Tunamwita, haitiki. Analala tu, na anapumua kwa nguvu."

Muthoki alikuwa amekwisha kuchukua mfuko wake wa dawa. Ndolo alikuwa anakimbilia gari.

"Mmempima?"

"Tumempima, mkubwa."

"Ngapi?"

Simu ikakwaruza tena.

"Kiema! Sukari ya mama yangu ni ngapi?"

"Mkubwa," Kiema alisema taratibu, "unataka nikupe ile ya mashine, ama ile tunaandika?"